Siteremki Longyearbyen

Tromsø, 9 Juni

Mwanangu Eirik,

Hujambo? Silje na wajukuu zangu hawajambo? Mimi mzima, na ukisoma hii nitakuwa baharini. Ndiyo, nimepanda ile meli ya safari za masomo inayokwenda Spitsbergen, kisiwa cha barafu, uliyosema si ya watu kama mimi. Anayeniandikia na kunisomea barua pepe hizi ni Ragnhild, mwalimu mstaafu tunayelala naye chumba kimoja. Usimlaumu. Maneno ni yangu, hata yale makali.

Mama yako

Trondheim, 10 Juni

Mama, shikamoo.

Sisi wazima, ila usingizi hatuna. Mama, kweli? Daktari amesema mbele yangu kwamba macho yako yamebaki kuona ukungu tu. Watu wanakwenda huko kutazama wanyama. Wewe utatazama nini? Ukiteleza sitahani je? Nafasi yako kwenye nyumba ya wazee imeshapatikana. Nimemwandikia nahodha. Teremka Longyearbyen, bandari ya huko, nakuja na ndege kukuchukua.

Mwanao, Eirik

Baharini, 13 Juni

Mwanangu,

Salamu zimefika, poleni kwa usingizi. Nahodha kaniita. "Mama Torbjørg, mwanao ana wasiwasi."

"Mimi ndiye niliyemzaa," nikamwambia, "si yeye aliyenizaa."

"Lakini kwenye boti ya mpira ya kwenda ufukweni siwezi kukuruhusu."

"Na wale walevi wawili walioanguka ngazini jana, umewakataza?"

Akakohoa. "Hapana."

"Basi nipe mkono tushuke."

Tukashuka. Wale sili wenye pembe niliwatambua kabla ya wote. Wananuka kama pipa la samaki lililoachwa juani, wanakoroma kama marehemu baba yako! Kwa pembe ya jicho, palipobaki mwanga kidogo, nikaona wingu la kahawia linagaagaa ufukweni. Halafu nyangumi akaibuka ubavuni mwetu, akapumua, na ile pumzi ikanimwagikia usoni, vuguvugu, yenye uvundo. Wenzangu walikuwa wanahangaika na kamera. Mimi nililia kwa raha, Eirik, mbele za watu.

Kesho tunatia nanga Longyearbyen. Siteremki.

Mama yako

Longyearbyen, 14 Juni

Mama,

Shikamoo. Nilikuja. Nilisimama gatini nikakuona juu, umeegemea ukingo, unacheka na watu. Nikakuita mpaka wapakuzi wakanicheka. Uligeuka, ukanipungia mkono, ukabaki palepale. Sijawahi kuaibika hivyo. Wala sikumbuki mara ya mwisho kukuona unacheka.

Nyumba ya wazee wanataka jibu wiki hii. Niwaambie nini?

Mwanao

Baharini, 16 Juni

Mwanangu,

Natumaini ulifika salama. Uso wako sikuuona. Nilikujua kwa sauti, nami moyo uliniuma. Lakini sikuteremka, na wala sijuti.

Jana ukuta wa barafu ulikatika mbele yetu. Kwanza mlio kama mlima unavunjwa mifupa, kisha wimbi likatuinua sote botini. Ndege maelfu wakalipuka majabalini kwa kelele. Giza langu linakuja, nalijua kuliko daktari. Wewe unataka nilingojee kitini, kwenye chumba cha watu, nikiletewa uji. Sitaki! Narudi nyumbani kwangu, na mwakani nasafiri tena, hata kwa fimbo.

Tunafika Tromsø tarehe ishirini. Kama unakuja kunipokea, njoo. Kama unakuja kunichukua, baki kwako.

Mama yako

Trondheim, 18 Juni

Mama, shikamoo.

Nafasi ya nyumba ya wazee nimewaachia wenyewe. Hasira bado ninayo, na tutagombana njia nzima, jiandae.

Nakuja kukupokea.

Mwanao