Pantoni ya Kigongo na Kikohozi Chako

Deo, ndugu yangu,

Leo nimekutoa. Naanza na hilo kwa sababu ungelisikia kwa mtu mwingine ungenuna. Ile sehemu ya Kunja, programu yetu ya kubana sauti, uliyoiandika mwenyewe, ile inayokisia sauti itakayofuata ili faili liwe dogo, haimo tena. Usikasirike kwanza, nikueleze.

Tangu tukuzike kwenu Muleba mambo yamebadilika. Daraja limeanza kutumika, watu wanatoka Kigongo hadi Busisi bila kushuka kwenye gari. Nilishangilia kama wengine, maana foleni ya kusubiri pantoni ilitutesa wote. Lakini juzi nikielekea Geita nilijikuta natega sikio kutafuta honi ya pantoni, nikaona haya mwenyewe.

Unakumbuka tulivyogombania jina la programu? Mimi nilitaka tuiite Michembe, kwa kuwa bibi yangu kule Kisesa alikuwa anakata viazi, anavianika, na shamba zima linaingia kwenye gunia moja. Ulicheka mpaka chai ikakupalia. "Kija, michembe ukiichemsha inarudi kuwa kiazi kibichi?" Nikakiri hairudi. "Basi hiyo siyo yetu. Ya kwetu lazima irudi kama ilivyokuwa, hata kikohozi." Ukachukua kitenge cha mama yako kwenye kiti, ukakikunja, ukakikunjua, maua yakawa pale pale. Wahaya kwa maonyesho! Lakini jina likashika.

Najua hasira yako ilianzia wapi. Zile ngoma tulizorekodi karibu na Bujora zilizunguka simu hadi simu, kila mtu akizibana zaidi, mpaka siku tulipowasikilizisha wazee waliozipiga, mmoja akauliza kama ngoma yake ilikuwa imelowa. Ndipo ukaanza kuandika Kunja, na ukaiweka wazi mtandaoni, yeyote aisome, aitumie, airekebishe.

Huko kuiweka wazi ndiko kulikoniletea haya. Mtu mmoja wa Chile, anayejiita kwa herufi tu, alileta njia nyingine ya kukisia. Nimeipima kwa rekodi zetu zote. Mafaili yanatoka madogo kuliko kwa njia yako, na hata simu ya zamani inayafungua haraka. Nilimkatalia. Nilimwandikia sababu ndefu, na ile ya kweli sikuiandika.

Na toleo la kwanza lilikuwa linasubiri. Ulishasema mwenyewe, tukishalitangaza mpangilio wa faili unafungwa, haubadiliki tena, ili sauti iliyokunjwa leo wajukuu waweze kuikunjua. Njia ilitakiwa iwe moja. Nikitangaza na yako, yule mtu na wenzake wangeondoka wakatengeneze yao, na watu wasijue washike ipi. Nikitangaza na yake, wewe haumo. Sikuweza kukufuta, Deo. Kila nikifungua ukurasa wa sehemu yako nilikuta maneno yako, "Hapa msiguse, hata mimi sijui kwa nini inafanya kazi," nikaufunga.

Leo asubuhi nikaenda Buzuruga kwa mama yako. Nikamwamkia, nikakaa jikoni, nikamweleza kama nilivyoweza. Aliendelea kumenya ndizi zake, nikadhani hakunielewa. Halafu akasema, "Deo ukimsahihisha alikuwa ananuna siku nzima. Kesho yake anakuja na jambo lile lile, anadai amelifikiria yeye." Nilicheka sana. Nikiwa bado nacheka nikaanza kulia, naye akaweka kisu chini, tukalia wote.

Niliporudi nyumbani nikachukua ile rekodi ya Kigongo tuliyoifanya kuwa mtihani wa kwanza. Mvua juu ya bati la pantoni, injini, mama anayenadi samaki wa kukaanga, honi. Unajua ilivyotutesa. Mvua haikisiki, na siku ya kwanza faili lilitoka kubwa kuliko lilivyoingia, ukaniambia tuwauzie watu wanaotaka kujaza kompyuta zao. Leo nikaikunja kwa njia mpya, nikaikunjua, kompyuta ikalinganisha. Hakuna kilichopungua.

Lakini kompyuta inalinganisha tu, haisikilizi. Mimi tangu ufariki sikuwahi kuisikiliza rekodi ile, niliogopa. Leo nimeisikiliza yote. Mwisho kabisa, injini imeshazimwa, unakohoa, halafu unasema, "Kija, zima basi, nimelowa."

Nikaipokea njia mpya. Kisha nikazikunjua rekodi zetu zote ulizozikunja wewe, nikazikunja upya, moja baada ya nyingine, na zote zimebaki vile vile. Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho mama yako amekijua siku zote bila kompyuta: kukusahihisha si kukufuta. Kama kazi yako ingekuwa mbovu, nisingeweza kukutoa bila kupoteza kitu. Ulizikunja vizuri, zikakunjuka bila kupungua, ndiyo maana umeweza kuondoka. Nimekaa na wazo hilo mchana wote na bado linauma.

Sasa niage. Uliniagiza nikate pale mwisho wa rekodi ya Kigongo kabla watu hawajasikia, ukidai sauti yako ni ya mtu anayeuza dawa ya panya. Nilikuitikia ndiyo ili tu unyamaze. Agizo hilo silitekelezi, kaka, na nakuahidi halitatekelezwa. Yeyote atakayegusa hata mstari mmoja wa Kunja, awe wa Chile au wa Nyakato, kazi yake itapitishwa kwanza kwenye rekodi ile, na kila kitu kitoke kama kilivyoingia: mvua, honi, mama wa samaki. Na kikohozi chako kikipungua hata kidogo, inakataliwa.

Pumzika, Deo.

Ni mimi dada yako,
Kija