Kwa Taata, Kuhusu X Nyekundu Kibanjani

Taata, baba yangu,

"Simu haina njaa, haina ndugu, haina kiburi. Ndiyo maana haikosei. Anayekosea ni mkulima." Maneno haya yalisemwa wiki iliyopita katika ukumbi mmoja pale Miembeni, mbele ya mabwana shamba na wenyeviti wa vitongoji. Aliyeyasema ni kijana anayeongoza mradi wa kupima magonjwa ya migomba kwa simu. Alipigiwa makofi. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma, jasho linanitoka, kwa sababu programu iliyomo ndani ya simu hizo niliiandika mimi.

Ni kweli simu haina njaa. Lakini aliyeifundisha alikuwa na njaa, ana ndugu, na kiburi anacho cha kutosha. Vyote hivyo vimo humo ndani.

Nakuandikia wewe uliyelala kibanjani kwako, katikati ya shamba lako la migomba, huku Kamachumu, kwa sababu simu hiyo imepita hapo. Migomba kumi na tisa ya Mama imehukumiwa kuwa na mnyauko. Kila mmoja umepakwa X nyekundu, kama zile wanazopaka nyumba zilizoingia kwenye hifadhi ya barabara. Amri inasema Alhamisi kibanja king'olewe ili ugonjwa usisambae. Kibanja chote, Taata, pamoja na ule mgomba tulioupanda kichwani mwa kaburi lako.

Nakikumbuka kisu chako. Hakikutoka mkononi mwako. Jirani alikuja siku moja akasema, "Waitu, jirani yangu, nipe kisu nikate mkungu mmoja tu." Ukamjibu, "Nitakuja kukukatia mwenyewe. Wewe washa moto." Akaondoka akinung'unika kwamba hajapata kuonekana mtu mchoyo hata wa chuma. Nami niliona aibu kwa ajili yako. Nilikuwa nimetoka chuoni, nimejaa maneno, nikakuambia kuwa ujirani ni bora kuliko kisu. Ulikipitisha kisu juu ya makaa, upande huu na upande ule, ukaniambia, "Kisu kinachotembea bila kupita motoni kinabeba kibanja cha kila mtu."

Mnyauko ulipofika, ulishuka kilima chote. Kwetu ulipita pembeni.

Ulikuwa na swali lako moja. Mgomba ukidhoofika, wenzako walikimbilia dawa. Wewe uliuzunguka taratibu ukiuliza, kana kwamba utakujibu, "Nini kimeingia humu tangu siku ulipokuwa mzima?" Ni nani aliyepita, na kisu gani, na chipukizi hili lilitoka kwa nani? Miaka hii yote nimekula mkate kwa swali hilo. Vijana ninaofanya nao kazi Kashai, programu ikigoma, wanaizima na kuiwasha. Ikiamka wanaenda kunywa chai. Mimi naketi nauliza kilichoingia jana ambacho juzi hakikuwepo. Wananitania, "Bwana Shamba ameanza kuzunguka mgomba wake." Wacha wacheke. Hao hao huchukua kipande cha programu ya mtu wasiyemjua, wakakipandikiza kwenye kazi yao bila kukisoma, kwa sababu kwa mwenzao kilifanya kazi. Nikiwauliza kimetoka kibanja gani, wananitazama kama mtu aliyeishiwa akili.

Lakini barua hii sijaiandika ili nijisifu.

Unakumbuka nilipokuja na wenzangu wawili kupiga picha za majani ya kuifundisha simu? Zilikuwa wiki mbili za mvua. Matope yalikuwa mengi, kwa hiyo tulipiga picha za migomba iliyo karibu na barabara, Buhembe kwanza, kisha huku Muleba. Tukishuka garini dakika tano, tunapanda tena. Ulisimama mlangoni ukituangalia. Ulisema, "Ya nyuma hamkuiona. Na kiangazi hamjakiona." Nami nikakujibu kwa sauti ya mtu anayejibu mtoto, "Baba, mashine itajifunza yenyewe."

Haikujifunza. Ilijua majani mawili tu: la kijani lililoshiba mvua na la njano lenye mnyauko. Jani la njano lenye kiu ya Agosti haikupata kuonyeshwa. Shina lililotobolewa na fukusi pia hatukuionyesha, kwa sababu fukusi yuko chini na sisi tulikuwa na haraka. Sasa ni kiangazi, simu inatembea Kagera, na kila penye njano inaona kifo. Hilo ndilo kosa, na baba wa kosa hilo ni mimi.

Niliyasema haya ukumbini. Yule kijana akatabasamu. "Mzee wangu, si wewe uliyeiandika? Leo unamkana mtoto?"

"Simkani. Namjua kwa sababu nilimlea vibaya."

Watu wakacheka, mkutano ukaendelea, X zikabaki.

Jumamosi nikapanda kwa Mama. Alikuwa kibanjani anapunguza majani makavu kwa mkono. Hakuniamkua. "Umekuja na kisu au umekuja na maneno?"

"Nimekuja na kisu."

"Cha nani?"

Nilikuwa nimenunua kipya mjini. Alikitazama, akaingia ndani, akatoka na chako, na chungu kimejaa makaa. Tukaanza mgomba wa kwanza wenye X. Nilikata shina lile lililonyauka, nikainama kuangalia, nikasema, "Safi."

"Subiri," Mama alisema. "Baba yako alikuwa anasubiri."

Nilikuwa nimesahau. Usaha wa njano wa mnyauko hautoki papo hapo. Unajitokeza polepole kwenye mkato, kwa wakati wake. Simu hutoa jibu kabla hujafumba macho mara mbili. Wewe ulikuwa unachuchumaa. Nami nilichuchumaa, na ni pale nilipoelewa kwa nini nimekuwa nikigombana na watu miaka yote hii bila kuwashinda: nadai wawe wepesi wa kukubali, wakati mimi mwenyewe sijui kuchuchumaa.

Mkato ulibaki mweupe. Kisu kikarudi motoni. Wa pili, mweupe. Wa tatu una matundu ya fukusi huku chini kwenye kitako, lakini mkato mweupe. Tuliendelea hivyo mchana kutwa, Mama akipuliza makaa, na kila mgomba uliotoka salama ulinipandisha hasira na furaha pamoja. Nilikwisha kuitunga kichwani hotuba ya kumzika yule kijana. Migomba kumi na minane, Taata. Yote kiu na fukusi.

Wa kumi na tisa ni wa kichwani mwako.

Nilikata. Tukasubiri. Kwanza tone dogo, kisha mkato wote ukajaa usaha wa njano, mzito kama asali chafu.

Nikasema pengine kisu hakikupata moto wa kutosha, tukate chini zaidi. Nikasema tusubiri hadi Jumatatu. Mama alinitazama. "Mwana wange, huyo wa simu ukikosana naye unamwita mwongo. Leo umekosana na kisu, utakiitaje?"

Tuliung'oa pamoja na machipukizi yake yote, tukachimba shimo, tukafukia. Aliyepiga jembe la kwanza ni Mama. Kaburi lako sasa liko juani, na nimekuja kukuomba radhi kwa jua hilo, na kwa maneno ya mlangoni siku ile ya mvua.

Kwa hiyo sitasema kwamba simu hudanganya. Mara moja katika kumi na tisa ilisema kweli, na ile moja ingeachwa, ingekula kijiji. Ninalolisema ni kwamba haikujua ipi ni ipi, na sisi tulioiandika tuliinyima njia ya kusema "sijui".

Pumzika, Taata. Yaliyobaki ni ya walio hai, na waliosoma mpaka hapa wanajijua.

Ninyi mabwana shamba na mabibi shamba mnaotembea na simu hizo: msipake X mgomba ambao hamjaukata. Kateni, pitisheni kisu motoni, chuchumaeni msubiri. Na wewe kijana wa Miembeni: tangu Jumatatu nimekutumia programu niliyoiandika upya, isiyotoa jibu mpaka ionyeshwe picha ya shina lililokatwa. Hujaifungua. Ifungue leo. Alhamisi njooni Kamachumu, mgomba wetu uliougua tumeshauzika wenyewe. Kwa hiyo kumi na minane iliyobaki msiiguse kwa jembe kabla ya kuigusa kwa kisu, mbele ya Mama. Atakuwa mlangoni na chungu cha makaa.

Mwanao, aliyeifundisha simu vibaya.