Simu za Mama Zinalia Mfukoni Mwangu

Mpendwa mshauri,

Pokea salamu zangu, na naomba msaada wako kabla ya Jumamosi hii, maana jambo nililolianza kwa nia njema limenigeuka na sina mtu mwingine wa kumwambia, na ukitaka kunikemea nikemee, ila unijibu.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na minne, sina mume wala mtoto, naishi na mama yangu mzazi, na kazi yangu ni kukata vioo vya miwani kwenye chumba cha nyuma cha duka, chumba kisicho na dirisha, mashine inanguruma kutwa nzima na wateja wenyewe siwaoni, nawajua kwa vipimo vya macho yao tu, huyu haoni mbali, yule haoni karibu. Mama ana miaka sabini na sita. Kwa miaka thelathini alikuwa opereta wa simu hospitalini, yeye ndiye aliyekuwa akiunganisha wodi na wodi na kuwapigia watu majumbani mwao, kwa hiyo simu ya mezani pale sebuleni kwake ni mtu mmojawapo wa nyumba, anaifuta vumbi kila asubuhi kabla hajanywa chai.

Miezi minne iliyopita simu hiyo ililia yeye akiwa jikoni, akaikimbilia, zulia likamtega, akaanguka akavunjika nyonga. Alipotoka hospitali daktari alimkataza kukimbia, na mimi kule kazini nikawa siwezi hata kushika kioo vizuri, nawaza tu, simu ikilia atainuka, simu ikilia atainuka. Basi nikaitafuta karatasi ya kampuni ya simu inayoeleza jinsi ya kuelekeza simu kwenye namba nyingine, ilikuwa na njia tatu, simu zote, au zile zisizopokelewa, au laini ikiwa na mtu, nikachagua zote ili ile ya sebuleni isilie kabisa, nikabonyeza nyota na namba na alama ya reli kama ilivyoandikwa, mama akiwa amesinzia chumbani, na tangu hapo kila anayempigia mama anaingia kwenye simu yangu ya mkononi. Sikumwambia. Nilijipa moyo kwamba nitamwambia akipata nafuu.

Sasa aibu yangu inaanzia hapa. Kabla ya hapo simu yangu ilikuwa ikilia mara mbili kwa siku, msimamizi akiuliza kama vioo viko tayari, na matangazo ya bahati nasibu. Ghafla nikaanza kupigiwa na watu. Mjomba alipiga kumjulia hali dada yake akaishia kunisimulia habari za meno yake ya bandia mpaka nikacheka machozi. Na yuko mkunga mstaafu, shoga wa mama tangu enzi za hospitali, anapiga kila siku saa kumi na moja jioni nikiwa nimesharudi nyumbani. Mwanzoni nilimwambia kwamba mama amepumzika, nitamfikishia salamu, lakini salamu zenyewe sikuweza kuzifikisha kwa sababu mama angeuliza zimepitia wapi. Basi kila siku amepumzika, na kila siku tunaongea mimi na mkunga, kwanza dakika tano, kisha nusu saa. Siku moja aliniuliza, "Umekula, mwanangu?" Sikumbuki ni lini mara ya mwisho mtu aliniuliza swali hilo.

Ili mama asisikie, natoka nyuma ya nyumba kwenye kamba ya nguo, najifanya naanua, na nguo zikiisha nazianika upya. Mimi niko nje nacheka na shoga yake, yeye yuko ndani kwenye kiti mbele ya simu isiyolia. Yeye hawapigii wenzake, ana msimamo wake tangu zamani, mtu akiugua hapigi simu kutangaza maumivu, anasubiri wazima wamtafute. Nao wanamtafuta, mshauri, kila siku wanamtafuta.

Mwezi uliopita nilimkuta ameinua mkono wa simu, ameuweka sikioni, anasikiliza. Akaniambia mlio wake siku hizi unakatikakatika. Nikamjibu mafundi wamechimba barabarani. Aliniangalia, akaurudisha mahali pake taratibu. Siku nyingine niliporudi na beseni la nguo akasema, "Siku hizi unacheka ukiwa kule nje. Ni vizuri." Nikasema nilikuwa naongea na mtu wa kazini, akaitikia haya.

Jumapili iliyopita, mama akiwa anakunja mataulo, akasema bila hasira yoyote, "Mwanangu, iondoe hiyo simu. Simu isiyolia ni ya nini?" Nilishindwa kumtazama. Jioni hiyo hiyo mkunga akapiga, akaniambia mwanawe wa mbali amemjengea chumba na Jumamosi wanakuja kumchukua, safari ya siku mbili, na kwa miguu yake ilivyo hadhani kama atarudi tena huku. Akaomba azungumze na mama wapate kuagana. Na mimi, sijui ni ulimi gani ulionisemea, nikasema amelala. Akasema, "Mama yako analala sana. Kama nilimkosea aniambie, nikiwa bado nipo."

Nimefikiria niifute tu ile huduma kimyakimya, simu ya sebuleni ianze kulia yenyewe, mama afurahi na yaishe. Lakini mkunga akimpata atamwambia amepiga miezi mitatu mfululizo. Na ukweli mwingine ambao naona haya hata kuuandika ni kwamba mara mbili nimeishika ile karatasi nikairudisha kwenye droo, kwa sababu siku nitakayoifuta, mimi nani atanipigia? Nifanye nini?

Wako,
Mkata Vioo

JIBU

Mkata Vioo,

Barua yako nimeipitisha mbele ya nyingine zote zilizokuwa mezani. Wenyewe watanisamehe, wao hawana mtu anayesafiri Jumamosi.

Tuanze na kemeo, maana umeliomba. Ulipoogopa kwa ajili ya nyonga ya mama yako ulikuwa mtoto mwema, na ningekuwa mimi ningeogopa vilevile. Lakini hofu hiyo dawa yake ilikuwa kulitoa zulia na kuivuta simu mpaka pembeni ya kiti chake. Waya mrefu na fundi wa nusu saa, basi. Wewe ukazima simu ya mwanamke aliyeishi kwa simu, kisha ukaenda kwenye kamba ya nguo kula salamu zake. Mkunga wa watu anajiuliza amekosa nini. Mjomba wako, nina hakika, anajiuliza hivyo hivyo, ila meno yake yanampa la kusema. Umewaumiza wazee watatu, na wote watatu wanakupenda.

Sasa nikuambie kitu ambacho nadhani hujakiona, ingawa umekiandika kwa mkono wako mwenyewe. Mama yako anajua.

Opereta wa miaka thelathini, ameinua simu, amesikia mlio umebadilika, na wewe unamwambia habari za mafundi wa barabarani. Mlio ule huwekwa makusudi ili kumkumbusha mwenye nyumba kwamba simu zake zinakwenda kwingine, na mtu wa kazi ile hatahitaji kuambiwa. Amekuona ukitoka saa kumi na moja kila siku kuanua nguo zilizokwishakauka. Huenda hata kicheko chako kimemjulisha ni nani yuko upande wa pili, maana shoga yake amemchekesha hivyo hivyo maisha yake yote. Hakukwambia acha. Alikwambia ni vizuri.

Siwezi kuapa, sikai nyumbani kwenu. Lakini nikiisoma barua yako namwona mzee aliyemsikia binti yake akicheka baada ya miaka mingi, akaamua kukaa kimya na kukuachia marafiki zake uwatumie. Na aliposema uiondoe simu, naona alikuwa anakufungulia mlango ili useme. Umekaa naye nyumba moja, kila mmoja na upweke wake, mnapishana sebuleni. Umenieleza mkunga alikuuliza nini na mjomba alikusimulia nini. Mama yako na wewe mnaongea nini jioni? Sijaona popote.

Kwa hiyo kufuta kimyakimya sahau. Hilo lingekuwa uongo wa pili juu ya wa kwanza, tena mbele ya mtu ambaye nadhani ameshaujua.

Leo ni Alhamisi. Omba ruhusa, vioo vya watu vitangoja hadi kesho, wameshazoea kutoona vizuri. Nenda nyumbani jua likiwa juu bado, keti karibu na mama, na umwambie tangu siku ya karatasi mpaka Jumapili. Usianze na "nilikuwa nakulinda". Anza na "nilichukua simu zako". Mtaje kila aliyepiga, na kila salamu unayoikumbuka mpe, hata kama imechelewa miezi mitatu. Akikasirika mwache akasirike, usikimbilie nje. Kisha mpe ile karatasi, afute mwenyewe kwa vidole vyake. Namba za kufutia ziko kwenye karatasi hiyo hiyo, na kama zikikataa piga huduma kwa wateja mkiwa wote wawili.

Sasa swali lako la mwisho, ambalo ndilo lililonifanya niiweke kalamu chini kidogo. Nani atakupigia? Siku za kwanza, pengine hakuna. Itauma, sikufichi. Lakini wale wazee hawakuwa wakiongea na ukuta nusu saa nzima kila jioni. Mkunga alijua anaongea na wewe. Mwombe radhi, mpe namba yako kama namba yako, naye akipiga atakuwa amekutafuta wewe, na siku asipopiga mpigie. Mjomba naye vivyo hivyo.

Kuna na hili la ufundi, lifanye wiki ijayo. Simu yako ya mkononi ina huduma ile ile. Iseti kwamba usipopokea, simu iende kwenye ile ya mezani, nayo iwe imeshasogezwa kando ya kiti cha mama. Ukiwa kwenye mashine husikii, yeye atapokea, ataandika jina na ujumbe, na ukirudi jioni atakuwa na la kukwambia. Mtu huyu aliifanya kazi hiyo miaka thelathini, na sasa amekaa bila kazi. Ila usiziweke simu mbili zielekezane kwa pamoja, zitarushiana wapigaji na hakuna atakayepatikana.

Hayo ni ya wiki ijayo. La leo ni moja. Mama akishafuta, usingoje saa kumi na moja. Na kama atakwambia mgonjwa hapigi simu, mjibu kwamba mwenzake anahama na hajui kama alisamehewa. Piga wewe ile namba ya mkunga, subiri aitike, useme mama ameamka, na umkabidhi mkono wa simu. Halafu toka, hata kwenye kamba ya nguo usiende, nenda mbali zaidi, mahali ambapo huwezi kusikia wanavyoagana.