Mkono wa Lorraine

Sundbyberg, Stockholm
Jumanne

Dada Gaudiosa,

Shikamoo. Hamjambo huko Muleba? Mguu wa mama umepata nafuu? Na darasa lako bado lina watoto tisini na wawili? Mimi mzima, ila kichwa hakitulii, ndiyo maana naandika. Kwenye simu ungenikatiza.

Kazi ya kufundisha Kiswahili bado ninayo. Wewe ulisomea ualimu, mimi nimejifundisha kwa kuchungulia wenzangu na kusoma vitabu kwenye treni. Hapa serikali inasema mtoto ana haki ya kufundishwa lugha ya kwao. Safi. Halafu wanakupa saa moja kwa wiki, jioni, wenzao wakiwa wanacheza mpira. Nina watoto sita. Nawauliza kwa Kiswahili, wananijibu kwa Kiswidi, na mwisho wa muhula natakiwa kuwapa alama. Saa moja, dada! Basi nawarundikia kazi za nyumbani.

Mmoja ni Lorraine, miaka tisa, anakaa Norsborg na mama yake Theresia, yule wa Karagwe anayenipikia ndizi kila Jumapili baada ya ibada. Mwezi wa tisa shule iliniomba nitafsiri kwenye kikao cha Theresia na mwalimu wa darasa. Theresia akasema kama wazazi wa kwetu: akizembea mchapeni, mimi nirudishieni mifupa tu. Mwalimu akanigeukia, anasubiri. Nikamwambia mama anaomba mtoto afuatiliwe kwa karibu. Wote wawili wakatabasamu. Nikajiona mjanja kweli.

Wiki tatu baadaye nikampigia simu Theresia mwenyewe, nikalalamika kwamba Lorraine haleti kazi zangu, anadharau Kiswahili. Kipindi kilichofuata mtoto akaja na daftari limejaa, ila kalamu anaishika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umevimba. Nikamuuliza kulikoni. Akasema mama alimkalisha mpaka akamaliza kuandika, kisha akampiga kwa mwiko kwa kosa la kuniaibisha mimi mwalimu wake. Alinijibu kwa Kiswahili, dada, tangu mwanzo mpaka mwisho. Sijawahi kumsikia hivyo.

Sheria ya hapa ni kwamba mwalimu akihisi mtoto anapigwa, anaripoti ustawi wa jamii, na jina lake linaandikwa. Najua utasema sisi tulichapwa na tumekua. Nilijiambia hivyo siku mbili nzima.

Sasa nikuambie nilichokuficha Jumapili ulipopiga. Aliyeripoti ni mimi. Theresia hajui. Anamlaani yule mwalimu Mswidi, na ameniomba nimsindikize kwenye kikao cha ustawi wa jamii Alhamisi, eti mimi ndiye ninayemwelewa. Na kuna baya zaidi. Kwenye ripoti niliandika mkono na mwiko. Ile simu niliyompigia Theresia kulalamika sikuiandika, wala yale maneno niliyoyageuza. Ukiisoma, utadhani mwenye kosa ni mama peke yake.

Kesho jioni nikitoka kazini naenda Norsborg nimwambie yote kabla hajasomewa jina langu. Alhamisi nitasema na huko ofisini, hata kama ni kazi kwaheri. Akinifungia mlango nitaongea hapohapo nje.

Nisalimie shemeji na watoto. Mama mwambie tu kwamba nafundisha. Wewe ukinijibu, usinibembeleze.

Mdogo wako,
Vedasto