Mama Adukpo Yuko Getini

Anloga,
3 Machi 1988

Mwana wa kaka yangu,

Hujambo? Mkeo Dzigbodi hajambo? Sisi huku tu wazima, isipokuwa goti langu la kushoto, ambalo kila nikiinama kwenye matuta ya vitunguu linanikumbusha umri wangu. Mama yako naye ni mzima, wa mwili.

Hebu nikueleze nilivyozipata habari zako. Jumamosi sokoni nilinunua mikate miwili ya abolo, muuzaji akanifungia kwa kipande cha gazeti. Unanijua, karatasi yenye maandishi siitupi kabla sijaisoma, hata kama imelowa mafuta. Mama yako alikuwa pembeni yangu anafunga vitunguu mafungu. Nikaanza kumsomea matangazo ya waliobadili majina, tucheke kidogo, maana watu wa mjini hawaishi vituko. Nikasoma kwa sauti: "Mimi niliyekuwa nikijulikana kwa jina la Yao Adukpo Dzokoto, karani wa bima, Accra, kuanzia leo najulikana kwa jina la Selorm Dzokoto." Nilipogundua ninachosoma nilikuwa nimeshamaliza.

Wauza vitunguu wote walisikia. Mama yako aliendelea kufunga, na fungu moja alilifunga mara tatu.

Selorm! Yaani Mungu ananipenda. Ni jina zuri, silitukani. Lakini nani alikupa? Kwetu mtu hajichagulii jina kama anayejaribu kofia dukani. Na kuna kitu hukukifikiria, msomi wangu. Tangu uzaliwe mama yako haitwi jina lake. Kisimani, kanisani, sokoni, yeye ni Mama Adukpo. Lako umelifuta kwa tangazo. Lake atalifuta wapi?

Mimi nitakuita Yao. Jina la siku halina ugomvi na mtu. Ulizaliwa Alhamisi, na hakuna gazeti litakalokuhamishia Ijumaa.

Halafu kuna hili. Mwezi wa kwanza alikuja Accra kukuona, nami ndiye niliyemhimiza. Alirudi siku ya pili akasema ofisi imekutuma Kumasi, samaki aliokuletea amewaacha kwa mlinzi. Tangu hapo hakutaji. Je, samaki uliwapata?

Shangazi yako,
Abla


Accra,
21 Machi 1988

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Pole na goti, nitakutafutia dawa ya kuchua. Sisi tunaendelea vizuri. Dzigbodi ni mjamzito tena, miezi sita sasa. Unakumbuka yule wa mwaka jana hakumaliza hata wiki, basi tuombeeni.

Shangazi, usinihukumu haraka. Shuleni wenzangu walikuwa wakimenya machungwa wananitupia maganda, wanasema takataka ziende kwao. Nilipokuwa kibarua bandarini Tema, mgawa mishahara alipaza sauti, "Adukpo!" na kila ajuaye Kiewe chetu kwenye foleni akageuka kumtazama mtu anayeitwa Jalala. Ukweni, baba yake Dzigbodi aliniuliza jina mara mbili, kisha siku zote akaniita "kijana". Nilichoka. Nilitaka jina ambalo mtu atalitamka bila kutabasamu. Hapa ofisini, tangu siku ya kwanza, najulikana kwa Selorm. Meneja peke yake ndiye aliyeviona vyeti vyangu. Tangazo lilikuwa la kurekebisha karatasi tu.

Samaki niliwapata, mwambie Mama ahsante sana. Walikuwa watamu. Mpe pole ya safari, kweli nilikuwa Kumasi.

Mwanao,
Selorm


Anloga,
5 Aprili 1988

Yao,

Hamjambo? Hatujambo. Nimefurahi kwa habari ya mimba. Mwambie Dzigbodi asibebe ndoo.

Barua yako nimemsomea mama yako. Kwenye maganda ya machungwa alifuta macho. Kwenye foleni ya Tema alitikisa kichwa. Nilipofika "kweli nilikuwa Kumasi" aliinuka, akasema anakwenda kumwagilia vitunguu.

Mvua ilikuwa inanyesha, Yao.

Njia ya mwongo ni fupi, na yako naona imeishia mlangoni kwangu. Nieleze. Hao samaki watamu walikuwa samaki gani?

Shangazi yako


Accra,
28 Agosti 1988

Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukaa kimya miezi yote hii. Mtoto alizaliwa Juni, wa kike. Tulimwita Yayra. Alikaa nasi siku kumi na moja. Dzigbodi sasa anatembea na kula, lakini hazungumzi sana, nami sikuweza kushika kalamu.

Leo nakujibu la samaki. Sijui walikuwa samaki gani. Sikuwaona.

Sikuwa Kumasi. Siku ile nilikuwa ghorofani, mezani kwangu. Mlinzi wetu Issaka alipanda akasimama mlangoni: "Kuna mama yuko getini. Anasema anamtaka mwanawe Adukpo." Agbeko, mwenzetu wa kutoka mji wa Ho, aliangua kicheko. "Adukpo? Jamani, jalala! Nani humu ni mtoto wa jalala?" Akawatafsiria wale wasiojua Kiewe, na chumba kizima kikacheka. Na mimi nikacheka. Shangazi, nilicheka kuwashinda wote. Kisha nikamwambia Issaka, "Hapa hatuna mtu wa jina hilo. Mwambie amekosea ofisi."

Baadaye nilikwenda dirishani. Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa mtaro, kapu mapajani, amevaa kile kitenge cha buluu cha Pasaka. Alikaa pale mpaka adhuhuri. Mara moja akainua uso, macho yetu yakakutana. Nilirudi nyuma nikaketi, nikajifanya naandika. Nilipochungulia tena alikuwa ameondoka.

Jioni Issaka aliniuliza, "Bosi, samaki wa yule mama niwafanyeje?" Nikamwambia awapelekee watoto wake.

Hilo sijamwambia mtu, hata Dzigbodi. Naona haya. Naona haya kuliandika neno Mama kwenye karatasi hii.

Yao


Anloga,
10 Septemba 1988

Yao,

Poleni kwa mtoto. Poleni sana. Mshike Dzigbodi mkono hata kama hasemi.

Barua yako nimeisomea chooni ili mtu asinione uso. Kumbe mama yako alikufichia! Miezi minane tunaota moto mmoja, tunachota kisima kimoja, na hajanidokeza. Kila aliyemuuliza habari zako alimwambia una kazi nyingi. Hasira niliyo nayo ungekuwa karibu ungeisikia mgongoni, ukubwa wako na tai yako si kitu kwangu.

Sasa nisikilize, maana ulipolikataa jina hukujua unakataa nini. Tulikosea kukuacha ukue bila kukueleza. Tuliogopa kuyasema kwa sauti.

Kabla yako walikuwa watatu. Edem, yaani Ameniokoa. Enyonam, yaani Mambo mema kwangu. Wa tatu aliitwa Yayra, Baraka, kama wako. Majina mazuri matupu, na yote matatu tuliyazika. Ulipozaliwa wewe, wazee wakasema huyu ni yule yule anayezaliwa na kurudi kwa wafu, msimpendezeshe machoni pa kifo. Mimi, shangazi mtu, nikakutia kwenye kapu bovu, nikakulaza jalalani nyuma ya soko, juu ya maganda ya mihogo. Mama yako alikatazwa kulia. Alisimama mbali, ameuma pindo la nguo yake. Bibi Mawusi, ambaye watoto wake wote tisa walikuwa hai, akapita kama mtu anayekwenda zake. "He! Nani katupa kitu hiki?" Akakuokota, akaja kumuuzia mama yako kwa kauri sita, fedha za wazee wetu.

Mama yako akasema kwa nguvu, ili kifo kisikie: "Takataka hii? Haya, lete tu." Hayo ndiyo maneno aliyokuambia mbele za watu siku yako ya kwanza nje. Alikukana, Yao. Alikukana ili ubaki, na ulipofika ndani alikubeba siku tatu hakukuweka chini.

Wewe ulimkana kwa faida gani?

Sina dawa ya hili. Usiniandikie mimi tena. Mwandikie yeye, mimi nitamsomea.

Shangazi yako


Accra,
2 Julai 1989

Mama,

Shikamoo. Natumaini u mzima, na vitunguu vya msimu huu vimekubali. Barua hii nimeianza mara nyingi tangu Septemba, nikaichana kila mara.

Nilikuwepo. Nilikuona. Najua nawe uliniona.

Sina la kujitetea. Nilikuona unangoja juani na nikakaa kivulini. Shangazi amenieleza habari za kapu na Bibi Mawusi. Ningezijua zamani, labda ningeshuka ngazi. Labda nisingeshuka, Mama, sitaki kukudanganya tena. Nisamehe.

Dzigbodi ana mimba ya miezi minane. Hatujanunua nguo wala hatujachagua jina. Kila jina zuri tunalolitaja, anatoka chumbani. Nimemwambia yote, la getini pia. Siku mbili hakunisemesha, kisha akasema nikuombe uje. Usipoweza kuja kwa ajili yangu, njoo kwa ajili yake. Hakukukosea kitu.

Mwanao. Sijui nitie sahihi kwa jina gani.


Anloga,
16 Julai 1989

Yao,

Hamjambo? Goti bado.

Nimemsomea. Aliniomba nirudie pale uliposema "nilikuona". Nikarudia. Akaichukua barua akaiweka chini ya mkeka wake. Hajasema ndiyo, hajasema hapana.

Ila jana amemwomba jirani kapu lake la zamani, lililotoboka chini. Nilipomuuliza la nini, akanijibu niangalie mambo yangu. Mtoto akizaliwa, mtume dereva yeyote wa magari ya huku Keta atuletee habari.

Shangazi yako


Accra,
20 Agosti 1989

Shangazi,

Shikamoo. Najua umekaa roho juu, basi nianze na hili: mtoto yu hai. Ni wa kiume, alizaliwa Jumatano ya tarehe mbili, kwa hiyo jina lake la siku ni Koku. Leo ana siku kumi na nane. Dzigbodi anazihesabu kwa vidole, nami nazihesabu kimoyomoyo.

Mama hakuja nyumbani. Alikuja ofisini. Siku ya saba ya mtoto, nipo mezani, Issaka akapanda. Aliniangalia mimi kwanza, kisha akaangalia chini. "Yule mama amerudi. Anamtaka Adukpo."

Agbeko akaanza, "Leo tena mtoto wa jalala?" Nikasimama. Nikasema, "Adukpo ni mimi. Na yule ni mama yangu, na mwaka jana pia alikuwa mama yangu." Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka, Shangazi. Agbeko aliinamia karatasi zake, nami nikazishuka ngazi zile. Hazifiki hata ishirini.

Alikuwa amesimama palepale, kitenge kilekile, kapu bovu mkononi. Nikapiga magoti barabarani. "Mama, ni mimi Adukpo. Nimeshuka."

Akanijibu, "Wewe si Selorm? Nilisomewa gazeti. Inuka, unachafua suruali. Adukpo niliyemfuata ana siku saba. Nipeleke."

Kesho yake asubuhi aliifanya kazi yako, kwa kuwa goti lilikuzuia. Alimtia mtoto kwenye kapu, akamlaza jalalani mwisho wa mtaa wetu. Dzigbodi alisimama nami mbali, kucha zake mkononi mwangu. Aliyemwokota ni mke wa Issaka. Mama ndiye aliyemchagua. Alikuwa amemuuliza, "Watoto wako wote wazima?" Mke wa Issaka akajibu, wote sita, tena ndio waliokula samaki wako wazuri. Mama akasema, "Basi wamefanya vizuri kula." Mimi nilikuwa kati yao nimeshika sinia la maji. Sikuwa na pa kuutia uso.

Dzigbodi alimnunua kwa kauri sita ambazo Mama alikuja nazo zimefungwa kwenye kitambaa. Akasema kwa nguvu, vizuri kabisa, "Takataka hii? Haya, lete tu." Alipoingia ndani na kufunga mlango ndipo nilipomsikia analia.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi Mama ananisimamisha mlangoni. "Mwite." Namwita, "Adukpo." "Kwa sauti. Kifo kina masikio mazito." Basi namwita kwa sauti, mtaa wote unasikia, na Agbeko anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Uso unaniwaka. Mama anauona unavyowaka, anauacha. Nitaliita jina hilo uani, shuleni, sokoni, mpaka mtoto huyu awe mtu mzima. Ninaomba nipewe miaka hiyo yote ya kuliita.

Juzi nilimwomba aniite jina langu la zamani, mara moja tu. Alikuwa anachambua bamia. Hakukasirika. "Lile nilikupa, ukalirudisha," akasema. "Nimempa mwenye haja nalo." Nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi.

Lakini jana alikuwa jikoni anasonga ugali wa akple, ukawa mgumu, akahitaji maji. Akaniita. Tangu aje hakuwa ameniita kwa jina lolote. Niliitika kabla hajamaliza, nikakimbia, nusu ya maji nikayamwaga njiani, akanigombeza kama zamani. Jina aliloniitia ndilo ninalotia sahihi hapa chini, na nitalitumia na ofisini.

Chua goti. Msalimie kila mtu sokoni, uwaambie kwa sauti.

Wako,
Baba Adukpo