Mashine ya Kuhifadhi Sauti ya Babu

Mjukuu wangu Neema,

Huku Karatu tu wazima, maharage yametoa maua. Ila ujumbe wako umenishtua mpaka nikakaa chini. Sauti ya marehemu babu yako iko kwenye kompyuta moja tu, nayo inazimika ovyo! Unauliza ununue mashine ipi ya kuchomea CD.

Nikiwa msichana kijijini Qurus, nilifungua ghala nikakuta wadudu wamegeuza mbegu zote unga. Nikapiga kelele.

"Unalilia nini, wewe?" mama akasema. "Nyingine ziko kwa jirani."

Kumbe kila mavuno alijaribu kuotesha mbegu chache kwenye kitambaa chenye maji, akiridhika kuwa zinaota ndipo alipeleka nyingine kwa jirani zitunzwe.

Basi nawe nunua mashine itakayochoma CD mbele yako dukani, na CD hiyo isikike kwenye kompyuta nyingine. Choma mbili, moja niletee. Tangu tumzike sijamsikia.

Bibi yako