Kwa Severine Tangvald, Aliyeandika Akiwa Amesimama

Mwaka mmoja umetimia wiki hii, Mama, tangu asubuhi ile ya Juni ulipotutoka, dirisha likiwa wazi kwa sababu ulilitaka wazi, na harufu ya samaki walioanikwa ikiingia chumbani kama kawaida ya kisiwa chetu cha Skarvøy. Baba bado anaweka vikombe viwili vya kahawa mezani. Halafu anakaa akikitazama kile cha pili kana kwamba kimewekwa na mtu mwingine.

Magazeti yalikuita mwanamke wa kwanza wa pwani hii kuandika riwaya kwa jina lake mwenyewe. Sisi wa nyumbani tulikujua kama mama anayeunguza uji. Uliandika umesimama dirishani jikoni, kipande cha sukari shavuni, maana meza ilikuwa ya viazi na ya madaftari yetu. "Msinisemeshe mpaka nifike kwenye nukta," ulituambia, nasi wanao, Borghild na Halvdan, tukabaki mlangoni tukiingoja nukta, Halvdan akiwa amebana miguu kwa haja ndogo. Sentensi zako zilikuwa ndefu, Mama.

Kitabu chako cha kwanza, *Mlango wa Jikoni*, kilitoka Borghild akiwa na miaka minane. Mchapishaji wa Kopenhagen alitaka ukitoe kwa jina la kiume, ukamjibu kwamba mwanamume huyo humfahamu na hajawahi kukusaidia kuosha hata sahani moja. Kikatoka kwa jina lako. Kilimhusu mke wa mchungaji aliyependa kusoma, na mumewe aliyefunga kabati la vitabu na kutembea na ufunguo mfukoni. Hakuna aliyekufa ndani yake, hakuna aliyetoroka. Hata hivyo mji mzima ulipandwa na hasira, kwa sababu dada yako mkubwa, Olava, alikuwa mke wa mchungaji wetu.

Mchungaji Krogh alihubiri dhidi ya kitabu hicho Jumapili mbili mfululizo bila kukitaja jina. Mama mkubwa Olava alikaa kiti cha mbele, shingo imenyooka. Ulipomfuata nje ya kanisa na kumwita, alipanda gari la farasi, akafunga mlango. Kuanzia siku hiyo hakukusemesha. Mlikuwa mkipishana sokoni, kila mmoja na kapu lake, na sisi watoto tukafundishwa na wenzetu shuleni kwamba tunaye mama anayewavua ndugu zake nguo hadharani.

Kisha kamati ya shule ikamwita Baba, aliyekuwa mwalimu mkuu. Alirudi wakati wa chakula, akakaa bila kuvua koti.

"Wamesema uache kuandika," alisema, "ama mimi niache shule."

"Na wewe unasemaje, Nikolai?"

"Mimi naipenda shule ile. Ningeomba upumzike kidogo. Mwaka mmoja, miwili, mpaka watu wasahau."

Uliweka uma chini. Hukupaza sauti. "Nikiacha kwa ajili yako, nitakupikia vizuri, nitakufulia vizuri, na nitakuchukia kila siku bila wewe kujua. Unamtaka mke wa namna hiyo?"

Baba alivua koti, akalitundika. Halafu akaomba chumvi. Kesho yake alirudisha funguo za shule, na tangu hapo akawa anawafundisha mabaharia hesabu za kusafiri kwa nyota, katika chumba cha darini cha nyumba ya bibi yetu mzaa Baba, tulikohamia. Baba mwenyewe ametutaka tuandike kwamba halikuwa jambo jepesi, kwamba miezi ile alikuwa akikukasirikia, na kwamba wewe uliona na hukumkataza kukasirika.

Majira ya kiangazi yaliyofuata alikuja Berte, kiongozi wa wanawake wanaotandaza samaki kwenye miamba ili wakauke. Alisimama uani, chumvi ikiwa nyeupe kwenye mikono yake.

"Mama Severine, kila siku tunaambiwa kitabu chako kinatuharibu. Sisi kusoma kwetu ni kwa kuvutana na herufi. Hebu njoo utusomee, tujue tunaharibiwa vipi."

"Mmepata ukumbi?"

"Tumenyimwa. Lakini miamba haina ufunguo."

Basi ulikwenda Jumapili baada ya ibada, nasi nyuma yako. Manyunyu yalikuwa yameanza, samaki wamerundikwa na kufunikwa. Wanawake walikaa juu ya mawe, shali vichwani, wengine wakinyonyesha. Baba ndiye aliyekushikia kitabu. Alisimama ubavuni kwako kama kinara cha kanisa, akigeuza kurasa, na mvua ikimdondoka kwenye ukingo wa kofia.

Ulipofika pale mchungaji anapoupapasa ufunguo mfukoni huku akiomba sala ya chakula, wanawake walicheka. Mmoja akasema, "Wangu hana vitabu, anafungia ugoro," wakacheka zaidi. Hapo ndipo Borghild alipomwona Mama mkubwa Olava. Alikuwa amesimama nyuma ya wote, karibu na rundo la samaki, amevaa gauni lake la kanisani, na hatukujua amefika saa ngapi. Wanawake nao wakamwona. Kicheko kikakatika kama taa iliyozimwa.

Alipita katikati yao taratibu, akainua pindo la gauni lisiguse chumvi, akaja mpaka mbele yako. Berte alinyanyuka. Sote tulitarajia kofi.

"Kabati lile ni la kwetu," alisema. Alisema kwa sauti ya kawaida, na kila mtu alisikia. "Na ufunguo ni wa kwetu. Nilikueleza wewe peke yako, siku tuliyomzika Mama. Ungeniuliza kwanza."

"Ningekuuliza ungenikataza, dada."

"Ningekukataza, ndiyo."

Mvua ilikuwa ikigonga maturubai. Ulikuwa umelowa, Mama, na meno yalikuwa yakigongana, kwa baridi au kwa jambo lingine. Mama mkubwa alikutazama, akavua shali yake nene ya sufu, akakufunga mabegani, akakaza fundo kama unavyomfunga mtoto anayetaka kutoka mbio.

"Sikubaliani na hata ukurasa mmoja," alisema. Kisha akamgeukia Berte. "Sogea kidogo nikae. Nataka kusikia amenifanya niseme nini mwishoni."

Hayo yote tumeyaandika kwa idhini yake. Anasema marehemu mumewe sasa yuko mahali ambapo makabati hayafungwi, na kwamba yeye amechoka kusikia watu wakiyanong'ona vibaya, afadhali yasemwe vizuri.

Tangu siku hiyo alikuja nyumbani kila Alhamisi kubishana nawe. Mlibishana kuhusu ndoa, kuhusu Mungu, kuhusu kura ya wanawake, kuhusu kiasi cha siagi kwenye uji wa krimu. Uliandika vitabu vingine sita na yeye alivikataa vyote, kimoja kimoja, baada ya kuvisoma. Alhamisi moja ulimwambia, bila sisi kutegemea, "Nilikukosea kwa kutokukuuliza. Kuandika sikukosea." Akakoroga kahawa. "Basi nachukua hilo la kwanza," akasema, "hilo la pili tutaendelea nalo."

Tunakumbuka mengi madogo. Viatu vya watoto wa Berte vikikauka mbele ya jiko letu kila masika. Safari zako za meli kwenda kuhutubia, na jinsi ulivyotapika njia nzima ukashuka bandarini ukaanza kuzungumzia haki kama mtu aliyetoka kulala usingizi mzuri. Ulivyomlipia Borghild ada ya chuo cha ualimu kwa kuuza kinanda, kisha ukapigapiga vidole mezani jioni nyingi, wimbo tukiujua bila kuusikia.

Kifua kilipokuangusha, Mama mkubwa alihamia kwenye kiti kando ya kitanda chako. Ulimwomba akusomee sura ya mwisho ya *Mlango wa Jikoni*. Akasoma, na katikati ukamkatiza.

"Soma kama ilivyoandikwa, dada."

"Nasoma kama ilivyopaswa kuandikwa."

Ulicheka mpaka tukakuinua upate pumzi. Kicheko hicho ndicho tulichobaki nacho, maana baada yake ulilala, na alfajiri iliyofuata hukuamka.

Wiki hii, Mama, Bunge limepitisha kwamba kila mwanamke wa nchi hii atapiga kura kama mwanamume. Berte alikuja mbio na habari, mzee vile alivyo, akaingia jikoni akasimama, akatazama dirishani, akaketi chini na kujifuta macho kwa aproni. Tulikaa naye. Baba alitoka nje kupandisha bendera, na ikamchukua muda kurudi.

Alhamisi Mama mkubwa Olava alikuja kama kawaida yake. Alisema sheria hiyo ni kosa, kwamba wewe na wenzako mmeiharibu nchi, na kwamba angekuwa na wewe hapa angekueleza. Alikunywa kahawa yake yote. Alipofika mlangoni akiwa anafunga kofia, alimuuliza Borghild uchaguzi ni siku gani, kwa sababu gauni lake jeusi linahitaji kupigwa pasi.

Unakumbukwa na mumeo Nikolai. Wanao Borghild na Halvdan. Mkweo Dagny na wajukuu zako watatu. Dada yako Olava Krogh. Na Berte pamoja na wanawake wote wa miambani. Hatutakusahau, Mama, siku zote za maisha yetu.